Zana Saba na Pakiti ya Unga

Ndugu msikilizaji, leo nakuomba kitu ambacho sisi watangazaji hatuombi mara nyingi: chukua karatasi na penseli, maana kipindi hiki ni cha kuchora. Najua redio haina picha. Lakini sisi si wa kwanza kujaribu. Mwaka 1956, chama cha wanasayansi na wahandisi wa Japani, kinachojulikana kwa kifupi kama JUSE, kilianza kuwafundisha wasimamizi wa viwandani udhibiti wa ubora kupitia redio ya masafa mafupi. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa imekwisha miaka 11 nyuma, bidhaa za Kijapani zilikuwa bado zinadharauliwa sokoni, na si kila msimamizi wa zamu angeweza kuacha kazi akakae darasani. Basi somo likamfuata alipo.

Michoro waliyofundishwa watu kama wale ndiyo ambayo Profesa Kaoru Ishikawa wa Chuo Kikuu cha Tokyo aliikusanya ikawa zana saba za udhibiti wa ubora. Inasemekana idadi hiyo ya saba inamkumbuka Benkei, mtawa mpiganaji wa karne ya 12 ambaye masimulizi ya Japani yanamvisha silaha saba. Ishikawa alisema kwamba hadi asilimia 95 ya matatizo ya kampuni yanaweza kutatuliwa kwa zana hizi. Sitabishana naye juu ya hiyo 95. Ninachokipenda mimi ni kwamba hakuna hata moja kati ya hizo saba inayohitaji umeme.

Sasa tuweke kiwanda mbele yetu. Nakitunga mwenyewe, na hesabu zake nazitunga pia, ili nisimwonee mtu. Kiwanda cha sembe: kinasaga, kinafungasha pakiti za kilo mbili, kinapeleka kwa maduka ya jumla. Kina mashine mbili za kufungashia, A na B, na zamu mbili, mchana na usiku. Tatizo ni kwamba maduka yanarudisha pakiti. Zinavuja. Ukiingia stoo, sakafu nyeupe.

Mkurugenzi anaitisha kikao. Meneja uzalishaji anasema zamu ya usiku wanasinzia. Fundi anasema mashine zimechoka, kila mwaka anaomba spea hapewi. Mtunza stoo anasema nailoni ya siku hizi si ile ya zamani. Mhasibu anasema vibarua wanatupatupa mizigo wakati wa kupakia. Wote wana uzoefu, na kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Ila hakuna hata mmoja mwenye hesabu. Kikao kama hicho huisha kwa barua ya onyo kwa mtu wa ngazi ya chini kabisa, kisha pakiti zinaendelea kuvuja.

Zana ya kwanza ni karatasi ya alama. Chora jedwali. Upande wa kushoto andika aina za kasoro: mshono unavuja, uzito pungufu, muhuri wa tarehe hausomeki, pakiti imechanika, mengineyo. Juu andika siku. Kila kasoro ikionekana, mfungashaji anapiga kijiti kimoja; vikifika vinne, cha tano anakilaza juu yake. Ndivyo tunavyohesabu kura za darasani na magunia shambani, hakuna jipya hapo. Jipya ni mahali karatasi inapokaa. Inakaa pale pale penye mashine, imebanwa kwenye ubao, penseli imefungwa kwa kamba isipotee, na anayeijaza ni yule ambaye mikono yake inashika pakiti. Karatasi ikijazwa ofisini jioni, kwa kukumbuka, hiyo ni insha.

Upande wa nyuma wa karatasi hiyo chora pakiti yenyewe, kubwa, mstatili tu wenye mshono juu na mshono chini. Kila pakiti ikivuja, mfungashaji aweke alama mahali hasa inapovujia. Mimi naona huu ndio mchoro wenye faida kubwa kuliko yote, na ndio unaodharauliwa zaidi kwa sababu unafanana na mchezo wa watoto. Fikiria alama zikitapakaa kwenye mshono mzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapo utashuku vumbi la unga, kwamba unga unadondoka kwa kuchelewa na kunaswa katikati ya taya za moto zinapobana nailoni. Alama zikiwa katikati ya ubavu wa pakiti, mbali na mshono, utaanza kumsikiliza mhasibu na vibarua wake. Lakini katika kiwanda chetu, baada ya wiki mbili, alama zimejazana sehemu moja: mwisho wa mshono wa juu, upande wa kushoto. Kulia safi. Mashine inatuambia jambo ambalo kikao kizima hakikulijua.

Tuhesabu vijiti. Pakiti mbovu 400. Zinazovuja kwenye mshono 212, uzito pungufu 96, muhuri usiosomeka 48, zilizochanika 28, mengineyo 16. Chora nguzo tano, ndefu kuliko zote kushoto, kisha shuka. Hiyo ni chati ya Pareto, zana ya pili. Nguzo mbili za kwanza peke yake zimebeba 308, yaani asilimia 77 ya ubovu wote. Jina ni la Vilfredo Pareto, mwanauchumi wa Italia aliyechunguza jinsi mali inavyorundikana mikononi mwa wachache, lakini aliyelileta jina hilo kwenye viwanda ni Joseph Juran, mhandisi Mmarekani aliyezaliwa Romania na kwenda kufundisha Japani mwaka 1954. Mwaka 1975 Juran aliandika makala ya kukiri kwamba alimbebesha Pareto mzigo usio wake, kwani Pareto hakuwahi kusema lolote kuhusu kasoro za kiwandani. Jina likawa limeshakwama.

Tahadhari moja kuhusu nguzo hizi. Wengi huchora idadi wakaishia hapo. Chora tena kwa shilingi. Pakiti inayovuja ndani ya kiwanda unaimwaga na kuifungasha upya. Hasara yake ni nailoni na muda. Pakiti yenye uzito pungufu ikimfikia mteja, hapo umeshaingia kwenye sheria ya vipimo, na kwa Tanzania wenye kazi hiyo ni Wakala wa Vipimo. Nguzo fupi kwa idadi inaweza kuwa ndefu kwa gharama. Lakini tuendelee na mshono, kwani ndio unaorudisha mizigo.

Zana ya tatu haina hata mchoro wake. Ni kutenganisha: kuzigawa takwimu kwa makundi kabla ya kuzitafsiri. Wako wanaoiondoa kwenye orodha na kuweka mchoro wa mtiririko wa kazi badala yake. Mimi siiondoi, na sababu ni hii. Zile pakiti 212 zinazovuja tuzigawe kwanza kwa zamu. Mchana 101, usiku 111. Uzalishaji wa zamu zote mbili unakaribiana, kwa hiyo tofauti hiyo si ya kumwandikia mtu barua. Sasa tuzigawe kwa mashine. Mashine A, pakiti 39. Mashine B, pakiti 173. Watu wa zamu ya usiku wamesafishwa jina kwa hesabu ya kujumlisha na kutoa. Meneja uzalishaji hajasema kitu. Anaitazama mashine B.

Hapo ndipo unapowaita watu wakae na kufikiri pamoja, na Ishikawa anakukabidhi zana ya nne, mchoro uliobeba jina lake, ambao wengi wanauita mfupa wa samaki. Chora mstari mrefu wa kulala, mwisho wake wa kulia chora kichwa, ndani ya kichwa andika tatizo. Usiandike "ubora hafifu", hilo halimsaidii mtu. Andika: mshono wa juu unavuja upande wa kushoto, mashine B. Kisha toa miiba mikubwa: watu, mashine, malighafi, mbinu, vipimo, mazingira. Kwenye kila mwiba andika kinachoshukiwa, na kwa kila kinachoshukiwa uliza kwa nini, mpaka ufike kwenye kitu unachoweza kwenda kukishika. Malighafi: nailoni ni nyembamba? Haiwezekani, maana mashine zote mbili zinatumia nailoni hiyo hiyo. Umeona faida ya kutenganisha kabla ya samaki? Miiba mingine inavunjika hata kabla ya kuliwa. Mashine: taya hazibani sawa? Hita ya kushoto imedhoofika? Vipimo: kidude cha kupimia joto kimefungwa wapi? Fundi anajibu, kiko upande wa kulia. Kumbe kile kioo kinachoonyesha joto liko sawa, kinaonyesha joto la kulia tu.

Nimeona semina nyingi zikiishia kwenye mfupa wa samaki. Watu wanaubandika ukutani kwa kalamu za rangi, wanapigwa picha, wanakwenda kula. Msikilizaji, mfupa wa samaki ni orodha ya washukiwa. Haujathibitisha chochote. Ushahidi unatafutwa nje ya chumba cha mikutano.

Kwa hiyo fundi anakwenda na kipimajoto cha kushika mkononi. Kila saa anapima joto la taya upande wa kushoto, na anaandika idadi ya pakiti zilizovuja saa hiyo. Anachora mistari miwili, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama: joto linakwenda kulia, uvujaji unapanda juu. Kila saa inakuwa nukta moja. Huo ni mchoro wa mtawanyiko, zana ya tano. Nukta zikitapakaa kila mahali, vitu hivyo viwili havina habari na mwenzake. Za kwetu zimeshuka kama mteremko, joto likipungua uvujaji unaongezeka.

Mtu wa haraka angesema basi, tumepata. Ngoja kidogo. Fundi wetu mwangalifu anaangalia saa zile zenye joto dogo ni zipi, anakuta nyingi ni za mwisho wa zamu. Kwa nini mwisho wa zamu? Kwa sababu ndipo opareta anapoongeza kasi ili afikishe lengo la siku. Mashine ikienda kasi, nailoni baridi inapita kwa wingi na kunyonya joto la taya. Hita ya kulia ina nguvu, inarudisha. Ya kushoto imezeeka, haiwahi. Kwa hiyo ni hita pamoja na lengo la siku, na lengo hilo lilipangwa na mkurugenzi, yule yule aliyeitisha kikao. Vitu viwili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba kimoja kinakizaa kingine. Huenda vyote viwili vina mzazi wa tatu. Hita ikabadilishwa, kidude cha kupimia kikawekwa pande zote mbili, na karatasi ya alama ikaachwa pale pale wiki mbili nyingine. Mshono ukashuka hadi nafasi ya tatu kwenye chati. Juu kabisa sasa imekaa nguzo ya uzito.

Uzito ni habari nyingine, maana haupimwi kwa ndiyo au hapana. Pima pakiti 100, kisha zigawe kwa vikundi vya gramu tano tano, chora nguzo kwa kila kikundi. Hiyo ni histogramu, zana ya sita. Mashine inayofanya kazi kwa utulivu hukupa mlima mmoja, mrefu katikati, ukishuka pande zote mbili. Ukiona milima miwili, mara nyingi umechanganya mashine mbili au malighafi mbili, rudi kutenganisha. Umbo ninalotaka ulitazame kwa makini ni jingine. Linaanza ghafla kwenye gramu 2,000, kama limekatwa kwa kisu. Chini ya 2,000 hakuna hata pakiti moja, na pale juu kidogo ya 2,000 zimerundikana nyingi mno.

Mashine haizalishi umbo hilo. Pengine pakiti pungufu zimechambuliwa na kuondolewa kabla ya kupimwa, hilo ni sawa ukiambiwa. Au mtu ameandika 2,001 pale mizani iliposema 1,994. Ukiliona umbo hilo, usikimbilie kumtafuta mwandishi. Mtafute aliyemfanya aogope. Katika kiwanda ambacho opareta hukatwa mshahara kwa kila pakiti pungufu, takwimu za uzito zitakuwa nzuri siku zote. W. Edwards Deming, mtakwimu Mmarekani aliyealikwa na JUSE mwaka 1950, aliweka suala hili miongoni mwa hoja zake 14 kwa wakuu wa kampuni: ondoeni woga kazini. Mimi ningeiweka ya kwanza, kwa sababu karatasi ya alama, Pareto, histogramu na nyingine zote zinakula chakula kimoja, na chakula hicho hutoka kwa mfungashaji mwenye penseli. Akidanganya kwa kujilinda, michoro yote itakuwa safi na yote itakuwa uongo.

Sasa zana ya saba, na hapa nakaa kidogo. Tarehe 16 Mei 1924, Walter Shewhart, mwanafizikia aliyekuwa akiwafanyia kazi Western Electric, watengenezaji wa vifaa vya simu wa Marekani, alimwandikia bosi wake, George Edwards, barua fupi ndani yake ikiwa na mchoro. Mchoro huo ndio mzazi wa chati ya udhibiti. Shewhart alitambua kwamba hakuna mashine inayotoa vitu viwili vilivyo sawasawa, na kwamba tofauti hizo zina asili mbili. Ipo tofauti ya kawaida, iliyo ndani ya mfumo wenyewe: mtikisiko, unyevu, chembe za unga kukaa ovyo ndani ya pakiti. Na ipo tofauti yenye sababu yake maalumu: bolti imelegea, opareta mgeni, roli jipya la nailoni. Ukizichanganya, utaharibu kazi kwa bidii yako mwenyewe.

Nitakuonyesha. Mashine yetu imepangwa kujaza wastani wa gramu 2,010. Opareta anachukua pakiti moja, mizani inasema 2,004. Anakaza skrubu ya kujazia ili aongeze gramu sita. Pakiti inayofuata 2,018. Ah, imezidi! Anapunguza nane. Siku nzima yuko hapo, anakaza na kulegeza, na msimamizi akipita anamsifu kwa uangalifu. Kumbe zile gramu sita pungufu zilikuwa tofauti ya kawaida tu, zingejirudi zenyewe. Yeye ameongeza kosa lake juu ya kosa la mashine. Hesabu ya takwimu inaonyesha kwamba ukirekebisha mashine tulivu kila mara kwa kiasi kilichokosekana, mtawanyiko wa uzito unaongezeka kwa takriban asilimia 40. Deming alikuwa akiwaonyesha watu jambo hili darasani kwa gololi na faneli, wakabaki wameduwaa.

Dawa ni hii. Kila saa chukua pakiti tano zilizofuatana, zipime, tafuta wastani, weka nukta kwenye karatasi. Baada ya masaa 20 hivi unazo nukta za kutosha kukokotoa mstari wa katikati na mipaka miwili, ya juu na ya chini. Mipaka hiyo inatoka kwenye tabia ya mashine yenyewe. Haitoki kwa mkurugenzi, wala kwa mashirika ya viwango, TBS la Tanzania au KEBS la Kenya. Hapa watu hujikwaa sana. Kiwango cha sheria kinasema pakiti inapaswa iweje; mipaka ya Shewhart inasema mashine hii, ilivyo leo, inaweza nini. Mashine inaweza kuwa imetulia kabisa ndani ya mipaka yake huku ikitoa pakiti pungufu kila siku, na hapo kumgombeza opareta ni kupoteza pumzi. Anayepaswa kushughulika ni mwenye kiwanda, kwa kununua au kukarabati. Nukta zikicheza ndani ya mipaka bila mpangilio, skrubu isiguswe. Nukta ikitoka nje, au nukta nane mfululizo zikakaa upande mmoja wa mstari wa katikati, kuna kitu kimebadilika, simamisha, tafuta.

Nani asimamishe? Mwaka 1962 Wajapani walianzisha jarida la wasimamizi wa karakana, na kutokana nalo vikazaliwa vikundi vidogo vya wafanyakazi wanaokutana kujadili matatizo ya kazi yao wenyewe kwa zana hizi. Ndiyo mizizi ya kaizen, falsafa ya Kijapani ya kuboresha kazi hatua kwa hatua, ambayo tangu 2013 Wizara ya Viwanda ya Tanzania imekuwa ikiieneza viwandani kwa msaada wa shirika la Japani, JICA. Nimesikia viwanda vikisifiwa kwa kuwa na chati ukutani. Swali langu kwao ni moja: nukta ikitoka nje saa nane usiku, opareta ana ruhusa ya kuzima mashine bila kumpigia mtu simu? Kama hana, chati hiyo ni ya wageni.

Na wewe mwenye kiwanda unayenisikiliza, ukianza Jumatatu na karatasi ya alama, ujue kwamba wiki ya kwanza kasoro zitaongezeka. Pakiti hazijaharibika zaidi. Zilikuwa zinamwagwa kimya kimya, sasa zinahesabiwa. Utashikwa na hamu ya kumwita mtu ofisini. Ukimwita, wiki ya pili karatasi itarudi kwako ikiwa safi, na sakafu ya stoo nyeupe vile vile.